Mnara Upo, Mtandao Haupo

Kwa zaidi ya nusu karne huduma ya simu katika nchi yetu imekuwa ikipimwa kwa idadi. Zamani zilihesabiwa laini za mezani. Siku hizi zinahesabiwa kadi za simu, minara, na asilimia ya wananchi waliofikiwa na mawimbi. Kwa kipimo hicho tumefika mbali. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilikuwa imehesabu laini zaidi ya milioni 70, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu milioni 61.7. Laini zimewapita watu. Lakini ukifika kata ya Makote, Newala, au Lulindi kule Masasi, mkoani Mtwara, utakuta kwamba wananchi hawaulizi kama mnara upo. Mnara wanauona. Wanachouliza ni kama utafanya kazi siku mvua kubwa ikinyesha, siku umeme ukikatika, au katikati ya msimu wa korosho. Na ukizima, nani atakuja kuutengeneza, na baada ya muda gani. Swali hilo halijibiwi na takwimu yoyote inayotangazwa. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo penye kasoro kuu ya simu zetu, tangu enzi za nguzo na waya hadi enzi hizi za minara: hatuhesabu muda ambao huduma haipo, na kwa kuwa hatuuhesabu, hakuna anayedaiwa.

Tuanze na tulikotoka. Hadi mwaka 1977 simu za Tanzania, Kenya na Uganda ziliendeshwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970 kwa ajili ya mawasiliano ya nje, kilikuwa Kenya. Shirika jipya la Posta na Simu Tanzania lilianza kazi likiwa na mitambo iliyochakaa, na mara likakutana na vita vya Kagera, bei ya mafuta iliyopanda, na uhaba wa fedha za kigeni za kununulia vipuri. Kwa mikoa ya Mtwara na Lindi shida hizo zilizidishwa na umbali. Barabara ya kusini ilikuwa ikikatika karibu kila masika, na Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Fundi au kipuri kilichotakiwa Masasi kilisubiri barabara kwanza, ndipo simu ipone. Ucheleweshaji haukuwa uzembe wa mtu mmoja ofisini. Ulikuwa umejengeka ndani ya mfumo wenyewe, kwa sababu kila kitu cha kurekebishia kilikaa mbali na mahali kinapoharibika.

Tazama jinsi mwito mmoja wa simu ulivyosafiri katika miji midogo ya wilaya wakati wa mitambo ya kuzungusha kwa mkono. Mpigaji alizungusha mpini wa simu, mwito ukamfikia opereta kwenye jengo la posta. Opereta aliandika namba inayotakiwa, akachomeka waya kwenye swichibodi, akamwita mwenzake wa mji wa mbele. Naye akamwita wa mbele zaidi, hatua kwa hatua, hadi mwito ufike Dar es Salaam. Mpigaji aliweka mkono wa simu chini akakaa kusubiri aitwe. Kati ya mji na mji kulikuwa na njia chache tu za masafa marefu, na zikijaa foleni ilisimama. Nguzo moja ikiliwa na mchwa au kuunguzwa na moto wa mashambani, miji yote iliyo mbele yake ilinyamaza kwa pamoja. Ndiyo sababu misheni, polisi na hospitali zilishikilia simu ya upepo, na habari za misiba zikapelekwa kwa simu ya maandishi au kwa mdomo wa dereva wa basi. Tukumbuke jambo moja kuhusu mfumo ule, maana litarudi mbele: aliyekaa kusubiri hakuwa na njia yoyote ya kujua mwito wake umekwama wapi, wala nani anashughulika nao.

Dunia ilipolitazama tatizo hili kwa uzito, ililitazama zaidi kwa idadi. Mwaka 1984 tume iliyoundwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ikiongozwa na Sir Donald Maitland wa Uingereza, ilikamilisha taarifa iliyoonyesha kwamba jiji la Tokyo peke yake lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Mei 1985 mkutano wa kwanza wa dunia wa maendeleo ya simu ukafanyika Arusha, na azimio lililopitishwa likabeba jina la mji huo. Ulinganisho wa Tokyo na Afrika ulikuwa wa kweli na wa aibu, na ilifaa uanikwe. Lakini ulijenga mazoea. Tangu hapo, katika nchi nyingi za Afrika, maendeleo ya simu yakawa na maana ya kuongeza namba: laini ngapi kwa watu mia, vituo vingapi vipya, vijiji vingapi vimefikiwa. Laini iliyokuwa mbovu miezi sita bado ilihesabiwa kuwa laini. Mteja aliyelipia simu isiyolia aliingia kwenye takwimu ya mafanikio sawasawa na yule ambaye simu yake ilifanya kazi.

Mageuzi yaliyofuata hayakuyaacha mazoea hayo. Sheria za mwaka 1993 zililigawa Shirika la Posta na Simu, na kampuni ya simu ya TTCL ikaanza kazi mwaka 1994. Serikali, Benki ya Dunia na wahisani wengine wakaweka fedha katika kubadilisha mitambo ya zamani kuwa ya dijitali. Februari 2001, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, asilimia 35 ya hisa za TTCL ziliuzwa kwa muungano wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, na kampuni ikapewa miaka minne ya kuhodhi simu za mezani. Wakati ule nchi nzima ilikuwa na laini za mezani takriban 170,000, yaani kama laini moja kwa kila watu mia mbili, na sehemu kubwa zilikuwa Dar es Salaam. Ukafuata mgogoro kuhusu malipo ya hisa. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa SaskTel ya Canada, na mkataba huo ukaisha mapema. Mwaka 2016 serikali ikazinunua tena hisa zilizokuwa zimefika mikononi mwa Bharti Airtel, na mwaka 2018 TTCL ikaanza upya kama shirika la umma. Umma, ubia, mkataba wa uendeshaji, kisha umma tena: karibu kila aina ya umiliki imejaribiwa. Katika zamu zote hizo mjadala mkubwa ulikuwa nani amiliki na alipe kiasi gani. Mwaka 2020 simu za mezani nchini hazikufika hata laki moja, pungufu ya zile za mwaka 2000. Huduma ambayo mteja hawezi kuitegemea huachwa na mteja mara tu anapopata pa kukimbilia.

Pa kukimbilia palikuwa simu ya mkononi, na tutakuwa wakosefu wa shukrani tusipokiri ukubwa wa mabadiliko yale. Vodacom ilianza mwaka 2000, Celtel mwaka 2001; mwaka 2008 ikaja huduma ya fedha ya M-Pesa, na mwaka 2015 Halotel ikaingia kwa kujikita vijijini. Mtu ambaye zamani angekaa miaka katika orodha ya waombaji wa laini alinunua kadi dukani akapiga simu siku ileile. Hata ucheleweshaji wa kiofisi ulipojitokeza upya, kama wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ambapo tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi Januari 20, 2020, ulikuwa wa wiki na miezi. Foleni ya miaka imekufa. Kilichobaki hai ni hitilafu, na hitilafu za leo zina madhara makubwa kuliko za zamani, kwa sababu simu haibebi tena salamu peke yake. Imebeba fedha, mauzo ya mazao, huduma za serikali na wito wa gari la wagonjwa.

Ili kuelewa hitilafu hizo lazima tuitazame ardhi yenyewe. Uwanda wa Makonde huinuka taratibu kutoka upande wa bahari hadi ukingo wa magharibi, ambako mji wa Newala umekaa juu ukitazama bonde la Mto Ruvuma. Kutoka ukingoni ardhi huporomoka ghafla. Mnara uliosimama juu huona mbali sana, lakini kijiji kilichojibanza chini ya mteremko kinaweza kukosa mawimbi ilhali taa ya mnara inaonekana usiku. Masasi nayo ina milima yake ya mawe inayokata mawimbi. Zaidi ya hapo, mnara haujitoshelezi. Maongezi yanayoingia kwenye mnara wa kijijini hurushwa kwa mawimbi ya redio hadi mnara wa pili, na kutoka huo hadi wa tatu, mpaka kufikia mkongo wa nyaya za kioo unaokwenda mkoani na Dar es Salaam. Kiungo kimoja kikifa, minara yote iliyo nyuma yake hunyamaza hata kama ina umeme na iko salama. Muundo wake, kwa hiyo, haujatofautiana sana na ule wa opereta na swichibodi: mnyororo mmoja, usio na njia ya pembeni.

Halafu kuna umeme. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo ya Mtwara inayoendeshwa kwa gesi ya Mnazi Bay. Mtambo mmoja ulipopata hitilafu, wilaya za mbali kama Newala na Masasi zililala gizani. Mnara una betri, na mingi ina jenereta au sola. Lakini betri huchoka, na jenereta inahitaji dizeli, na dizeli inahitaji gari linalopanda mteremko. Barabara ya Mnivata–Tandahimba–Newala–Masasi, yenye urefu wa kilomita kama 160, imeanza kujengwa kwa lami miaka hii ya karibuni tu; kabla ya hapo mafundi walipita kwenye vumbi wakati wa kiangazi na kwenye matope wakati wa masika. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba karibu Afrika Mashariki yote. Matukio hayo mawili yalikuwa na chanzo tofauti, lakini funzo lake ni moja: palipo na njia moja tu, ajali moja inatosha. Intaneti ilianza kurudi kabla nyaya hazijaungwa, kwa kuwa kampuni zilihamishia sehemu ya mawasiliano kwenye njia nyingine. Mwenye njia ya pili alipona mapema.

Sasa tuulize nani anawajibika mtandao unapozima. Kadi ni ya kampuni moja ya simu. Mnara, mara nyingi, ni wa kampuni nyingine inayojenga na kukodisha minara. Umeme ni wa TANESCO. Mkongo wa Taifa uko chini ya uangalizi wa TTCL. Kama mnara ulijengwa kwa ruzuku, umo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba kipande chake ni kizima. Mteja anayepiga namba ya huduma kwa wateja huambiwa mafundi wanashughulikia tatizo. Haambiwi mafundi wako wapi, tatizo ni lipi, wala litakwisha saa ngapi. Na mara nyingi hata kupiga namba hiyo hawezi, maana mtandao wa kupigia ndio uliokatika. Yuko palepale alipokuwa mpigaji wa enzi za swichibodi: anasubiri asijue kinachosubiriwa.

Gharama ya kusubiri huko inaonekana wazi msimu wa korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupima korosho katika chama chake cha msingi, zinakwenda ghalani, mnada unafanyika kupitia vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala na MAMCU kwa Masasi na Mtwara, kisha fedha huingizwa kwenye akaunti ya mkulima. Miaka ya karibuni mnada wenyewe umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei husikika kwa simu, malipo hutangulizwa na ujumbe wa simu, na aliye mbali na tawi la benki huchukua fedha zake kwa wakala. Mtandao ukizima siku malipo yanapoingia, wakala hufunga dirisha. Mkulima mwenye fedha zake halali anapanda bodaboda kwenda Newala mjini au Masasi, analipa nauli, anapoteza siku, na huenda akakopa kwa mlanguzi fedha za chakula au za kuwalipa vibarua, akikubali masharti ambayo asingeyakubali angekuwa na fedha mkononi. Hasara hiyo haiandikwi kwenye kitabu cha kampuni yoyote. Imehamishwa kutoka kwa mwenye mtandao hadi kwa mwenye korosho.

Penye uhai wa mtu jambo ni zito zaidi. Mwaka 2022 serikali ilizindua kwa ngazi ya taifa mpango wa M-Mama, ambao namba yake ni 115 na haitozwi. Mama mjamzito akipata dharura, muuguzi wa zahanati hupiga namba hiyo. Mpokeaji anauliza dalili, anaamua hospitali ya kumpeleka, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mpango. Ni mpango mzuri, na uzuri wake wote unasimama juu ya simu mbili: ya muuguzi kwenda kituoni, na ya kituo kwenda kwa dereva. Zahanati iliyo bondeni, mbali na hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, ikikosa mtandao usiku, mnyororo wote unakatika kwenye kiungo cha kwanza. Mama anayetokwa na damu hawezi kusubiri mafundi. Taifa lililoamua kuweka usalama wa wazazi wake kwenye simu limeamua pia, litake lisitake, kwamba kuzima kwa mnara ni suala la afya ya jamii.

Kuna wanaosema kwamba picha hii imekuzwa. Watu wenyewe, wanasema, wametatua tatizo kwa kumiliki laini mbili au tatu: mtandao huu ukisumbua, unahamia ule. Ni kweli, na ni sehemu ya maelezo ya kwa nini laini ni nyingi kuliko watu. Wengi hufanya hivyo pia kwa kufuata bando la bei nafuu. Lakini kinga hiyo ina mipaka. Kampuni mbili zikipanga kwenye mnara mmoja, au zikitegemea umeme uleule na mkongo uleule, laini mbili huzima pamoja. Fedha zilizoko kwenye akaunti ya mtandao uliozima hazihami kwa kubadilisha kadi. Na huko kando ya Ruvuma, simu inayodaka mawimbi yaliyovuka mto kutoka Msumbiji inaweza kumtoza mtu gharama za nje akiwa amekaa nyumbani kwake. Zaidi ya yote, laini ya pili na ya tatu ni gharama ya bima ambayo mwananchi amejikatia mwenyewe dhidi ya huduma asiyoiamini. Tusiihesabu kuwa mafanikio ya sekta.

Wengine wanakuja na hoja nzito zaidi: vijijini hakulipi. Wateja ni wachache, matumizi ni madogo, mnara wa mbali unagharimu sana kuutunza, na kampuni ikibanwa kwa masharti ya matengenezo itaacha kabisa kwenda huko. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama minara hiyo ingejengwa kwa fedha za kampuni peke yake. Lakini tulianzisha UCSAF kwa sababu tulijua hakulipi. Mei 2023 mfuko huo ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, Rais Samia Suluhu Hassan akishuhudia. Umma ukishachangia mnara, umma una haki ya kuuliza si tu kama umesimama, bali umefanya kazi saa ngapi kwa mwezi. Watu wa Newala wanaujua ukweli huu kupitia maji. Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kutoka bondeni hadi juu ya uwanda usio na visima, na kila aliyeishi huko anajua kwamba bomba kupita mbele ya nyumba si sawa na maji kutoka. Ruzuku inayolipwa mnara ukikamilika inanunua chuma. Ruzuku inayolipwa kwa vipindi, kadiri mnara unavyokuwa hewani, inanunua mawasiliano. Fedha ni zilezile. Kinachobadilika ni kitu tunachokilipia.

Kuna pia wanaoamini kwamba ushindani utamaliza yote: kampuni mbovu itakimbiwa, nzuri itabaki. Mijini hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo iliyoiangusha simu ya mezani. Lakini ushindani unahitaji mteja awe na pa kwenda na awe na habari. Katika kijiji chenye mnara mmoja hana pa kwenda. Na habari hana popote. TCRA, iliyoanza kazi mwaka 2003, ina kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018, na hupima mambo kama simu kushindwa kuunganishwa au kukatika katikati ya mazungumzo. Kazi hiyo ni ya maana na ilindwe. Hata hivyo, kipimo kinachochukuliwa siku mtandao upo hakiwezi kuonyesha siku ambazo haukuwepo, na wastani wa mkoa mzima huchanganya Mtwara mjini na kijiji cha mwisho wa mnyororo hadi kijiji kisionekane. Mwananchi wa Makote anayetaka kuchagua kati ya kampuni mbili hana mahali pa kusoma ni ipi iliyozima saa nyingi zaidi mwezi uliopita katika kata yake.

Mwisho wapo watetezi wa mafundi, na hao lazima tuwasikilize kwa heshima. Wanasema hitilafu nyingi si kosa la kampuni: radi, mafuriko, umeme, wizi wa betri, mafuta na nyaya, na mitambo ya ujenzi wa barabara inayofukua mkongo. Ni kweli tupu. Lakini ukweli huo unaunga mkono hoja ya kuhesabu, hauipingi. Kama saa nyingi za ukimya wa Newala zinatokana na umeme, takwimu zitaonyesha, na fedha ziende kwenye betri na sola. Kama zinatokana na kukatwa kwa mkongo, mkandarasi wa barabara na msimamizi wa mkongo wakae meza moja kabla ya kuchimba. Kama ni wizi, serikali ya kijiji, ambayo ndiyo inayoumia, ipewe jukumu la ulinzi na malipo yake. Bila hesabu kila mmoja atabaki akimnyooshea mwenzake kidole, na fundi anayekesha juu ya mnara akinyeshewa ataendelea kubebeshwa lawama za mfumo mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini ufa huzibwa na anayejua uko wapi.

Kinachotakiwa si teknolojia mpya. Mitambo ya kampuni tayari hurekodi dakika ambayo mnara umezima na dakika uliyowaka. Habari ipo, ila imefungiwa. TCRA iagize itangazwe kila mwezi, kata kwa kata, pamoja na chanzo cha kila hitilafu kubwa na muda uliotumika kuitengeneza. Kila mnara uwe na kibao chenye namba yake, ili mwenyekiti wa kijiji aripoti mnara fulani, si kulalamika tu kwamba mtandao unasumbua. Makao makuu ya wilaya kama Newala na Masasi yapatiwe njia ya pili ya kutokea, kabla ya kuongeza minara mingine kwenye mnyororo uleule. Zahanati zinazotegemea 115 ziwe na njia ya akiba, hata ikiwa ni simu ya upepo, ambayo wazee wa misheni waliijua thamani yake. Na uwepo muda maalumu, unaoweza kuwa mrefu zaidi kwa kijiji cha mbali kuliko mjini, ambao ukipita mteja anarudishiwa kitu bila kuomba. Nchini Uingereza, tangu Aprili 1, 2019, mdhibiti wa mawasiliano Ofcom anasimamia mpango ambao kampuni zilizojiunga humlipa mteja wa simu ya mezani au intaneti ya nyumbani ambaye hitilafu yake haijatengenezwa baada ya siku mbili kamili za kazi. Kiwango cha kuanzia kilikuwa pauni 8 kwa siku. Sisi hatuna haja ya kunakili kiwango wala siku. Muda wa maongezi au bando lililorudishwa lenyewe kwenye kila laini iliyosajiliwa eneo la mnara uliozima lingetosha kuanzia, maana lingeifanya kila saa ya ukimya iwe na bei kwa mwenye mtandao, kama ilivyo na bei kwa mkulima.

Uzito wa jambo hili unaongezeka kila mwaka, kwa sababu kila mwaka tunahamishia kwenye simu jambo jingine ambalo zamani lilifanyika kwa karatasi na kwa miguu: malipo ya serikali, pembejeo, mnada, wito wa dharura. Kila tunapohama tunachoma daraja la zamani. Ofisi ya posta haina tena opereta, na simu ya maandishi haipo. Hatua hiyo ni sahihi, lakini inaleta wajibu. Wakati simu ilikuwa anasa ya wachache, kuharibika kwake kulikuwa kero. Sasa imekuwa njia pekee, na anayeiendesha kwa leseni ya umma amebeba dhamana ya umma. Halmashauri za Newala na Masasi zisisubiri kanuni kutoka juu. Watendaji wa kata wanaweza kuanza mwezi huu kuandika tarehe na saa mtandao unapopotea na unaporudi, jinsi wanavyoandika mvua, na wabunge wao wakazipeleka hesabu hizo Dodoma. Daftari moja la kata, lililojazwa kwa uaminifu msimu mzima wa korosho, litakuwa na nguvu mbele ya mdhibiti kuliko malalamiko ya miaka kumi.